Ledi wa Meza ya Kukandia

Mke wa kaka yangu hakupenda kuitwa Ledi. Jina tulimpa sisi wa tanuri la mikate kwa ajili ya mkoba anaokuja nao kazini. "Ledi gani ana unga mpaka kwenye nyusi?" alikuwa akifoka, na hakuitika hata siku moja.

Sasa msimamizi wetu alikuwa amestaafu, na tajiri alimtaka shemeji ashike nafasi hiyo. Akikataa, itakwenda kwa mpwa wa tajiri, kijana aliyekwisha kutuahidi kununua unga uliokandwa kwingine na kuwapumzisha wakandaji wote. Jibu lilitakiwa asubuhi ile, na shemeji alisitasita. Pale kwetu msimamizi hukaa ghorofani, kwenye chumba cha vioo, koti jeupe pee, unga hagusi.

"Mimi wa kukanda tu, shemeji," aliniambia. "Uongozi una wenyewe."

Nilipandwa na hasira. Bintiye, mwalimu wa Kiingereza, alipopita kuchukua mkate, nikamshtakia kwamba Ledi wetu anaukataa uongozi. Akacheka.

"Kumbe mama hujui? Zamani sana huko kwa Waingereza, ledi alikuwa mwanamke mkuu wa nyumba, na neno lenyewe lilianza kwa maana ya mkandaji wa mkate."

"Usinichezee, mwanangu."

"Haki ya Mungu! Wewe ndiye ledi wa kweli, wa vioo ndio walioazima jina."

Shemeji akalipiga donge lake mara mbili tatu. Kisha huyo, akapanda ngazi vilevile alivyo, unga mpaka viwikoni. Nami nyuma yake, maana umbea hauna adabu.

"Kanawe kwanza, mama," tajiri alimwambia.

"Nikinawa, nafasi yako nakuachia. Nitasimamia nikiwa mezani kwangu, na wakandaji wangu wote wabaki. Huku juu weka magunia."

Tajiri alichungulia chini. Wateja walishapanga foleni, na meza ya kukandia ilikuwa haina mtu.

"Haya, bwana," alisema. "Shuka, mkate utoke."

Nilirudi kwenye tanuri machozi yakinilenga, nikausingizia moto. Nilifurahi kupita kiasi.

"Ledi!" nikaita. "Niingize mikate?"

Mikono yake ilikuwa imezama kwenye unga. Hakugeuka.

"Abee!" akaitika. "Ingiza, shemeji."