Kikohozi cha Sajenti

Verediana alichoka hata kabla basi halijaondoka Madibira. Hii ilikuwa safari ya pili ya Mafinga ndani ya wiki moja, na mzigo wenyewe, ukiuliza, ni kinyesi cha paka.

Paka huyo, Sajenti, ndiye aliyemlindia mpunga wake ghalani miaka minne. Sasa ilikuwa miezi miwili anakohoa, shingo kainyoosha, mbavu zinakwenda mbio. Mjukuu, Blessing, naye akaanza kukohoa, ndipo mwanawe Zabron akatoa hukumu: "Mama, huyu paka anamwambukiza mtoto. Ijumaa nikipita na lori la mpunga namtupa Nyololo."

"Subiri daktari aseme kwanza."

Safari ya kwanza daktari wa mifugo, binti aitwaye Gloria, hakuona kitu kwenye hadubini. Akauliza, "Bibi, mbona kikavu hivi?"

"Nilikianika siku mbili, mwanangu. Kwenye turubai, pembeni ya mpunga."

Kwa Verediana, kitu kisichoanikwa huoza, na angepandaje basi na uvundo? Gloria alishika kichwa. "Minyoo ya mapafu hukoholewa, ikamezwa, ikatoka na kinyesi; tunaitafuta ikiwa hai, bibi. Jua limeiua. Niletee kibichi, cha leo leo."

Basi Alhamisi hiyo alikileta kibichi ndani ya kopo, abiria wakimkunjia pua njia nzima. Gloria alikifunga kwenye kitambaa chepesi, akakining'iniza ndani ya faneli iliyozibwa chini, yenye maji ya uvuguvugu. Minyoo ingetoka yenyewe na kuzama, alisema, ila majibu ni kesho. Kesho tena! Verediana akaenda kulala kwa mdogo wake, mgongo unamuuma.

Ijumaa asubuhi aliitwa achungulie hadubini. Vidudu vyembamba vilikuwa vinajipinda majini.

"Kavipata kwa kula panya na konokono," Gloria alisema. "Hawezi kumwambukiza mtu. Mtoto mpelekeni hospitali, kifua chake kina sababu nyingine. Paka mpe dawa hii siku tano mfululizo, halafu tunapima tena. Atapona."

Verediana alifurahi. Akampigia Zabron pale pale.

"Mama," Zabron alisema. "Nimeshamshusha. Nyuma ya soko la Nyololo."

"Si nilisema usubiri daktari?"

"Daktari si alishapima, hakuona minyoo? Nikajua ni kifua cha kuambukiza, ndiyo basi."

Hakuwa na nguvu ya kugomba. Angemgombeza nani, wakati aliyeanika ni yeye mwenyewe? Aliliacha basi la Madibira liondoke, akapanda la Nyololo, dawa mkononi.

Miezi miwili kikohozi kile kilimkosesha usingizi, mpaka akawa anajifunika kichwa asikisikie. Sasa alisimama nyuma ya soko, katikati ya magunia ya viazi, akawaomba wauzaji wanyamaze kidogo. Akatega sikio, akimwomba Mungu akisikie tena kikohozi kile.