Kamera ya Kumuunganisha Awiti

Mzee Ojwang ni mgumu kuuziwa kitu, na siku hiyo alikuwa mgumu maradufu. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kibandani kwa fundi Wepukhulu, Kibera, upande unaotazamana na Nyayo Highrise. Mezani kulikuwa na kamera mbili kuukuu za sinema, zile ndogo za kushika kwa mkono mmoja. Moja tu ndiyo ingerudi naye nyumbani kwake Gatina.

"Mzee, chukua hii," Wepukhulu alisema, akiisukuma ile nyeusi. "Ya betri. Unatumbukiza kaseti, unabonyeza, kwisha. Hiyo ya kujaza kwa ufunguo ni ya babu yako! Na nyinyi watu wa ziwa si mnapenda vitu vya kung'aa?"

"Kizuri chajiuza, fundi. Hii yako mbona unaitembeza tangu asubuhi?"

Wepukhulu alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Haya basi. Lakini mzee, si upige na simu tu?"

Ojwang hakucheka. Alitoa mfukoni kipande cha filamu kilichofungwa kwa kitambaa. Mwaka wa sabini na tisa padri mmoja alimwazima kamera kwa siku moja, naye akampiga picha mkewe, Awiti, nyumbani Seme kando ya ziwa, akianika dagaa wa omena. Awiti anacheka, anamfukuza kwa mkono. Dakika mbili, basi. Padri alipohama alimwachia projekta, na tangu Awiti afariki, miaka tisa sasa, Ojwang huitoa chini ya kitanda akamwangalia mkewe ukutani. Akimaliza, anasonga ugali wa mtu mmoja. Majirani wa ploti hubadilika kila mwezi, na hakuna anayemjua kwa jina.

Sasa binti yake Celine alikuwa anakuja kutoka Uingereza na mtoto wa miaka saba ambaye mzee hajawahi kumtia machoni. Mtoto huyo ni Awiti. Alipozaliwa alilia wiki nzima, hanyonyi, halali, mpaka Celine akamwota marehemu mama yake. Walipomwita Awiti, akanyamaza. Kwa Wajaluo jambo hilo halina mjadala, bibi amejirudia.

"Nataka nimpige picha, kisha nimuunganishe na huyu," Ojwang alisema. "Roli moja. Awiti akitoka, Awiti anaingia. Simu itafanya hivyo?"

Wepukhulu aliichukua filamu ile, akailinganisha na kaseti ya kamera nyeusi. Matundu ya pembeni hayakufanana kabisa, ya kaseti yalikuwa madogo, na projekta ya mzee ingeyatafuna. Akaifungua ile ya ufunguo. Humo matundu ya filamu ya Awiti yalikaa sawasawa kwenye meno ya gurudumu.

Hapo likabaki la kujaribu, maana kwa Wepukhulu hakuna kitu hutoka bila kujaribiwa mbele ya mwenyewe. Alijaza ufunguo hadi mwisho, akaiachilia. Ikanguruma nusu dakika bila kulegea. Wakakiinua kioo chake juani kutafuta ukungu, hawakuona hata doa. Filamu mpya ya aina hiyo Ojwang alikuwa nayo tayari, roli moja tu, aliyoagiziwa kutoka ng'ambo.

Simu yake ikalia. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo huweka sauti ya juu, na Wepukhulu akasikia yote.

"Baba, Jumamosi tuko," Celine alisema. "Lakini ni saa moja tu, halafu tunaelekea Mombasa."

"Saa moja inatosha. Mpe mke wangu simu nimsalimie."

"Baba, ukimwona usimwite Awiti, tafadhali. Walimcheka shuleni, tukalitoa hilo jina hata kwenye karatasi. Anaitwa Whitney tu. Ukimwita lile lingine hataitika."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Sawa, mama. Hakuna shida," Ojwang alisema, akakata.

Lakini shida ilikuwepo. Tusifichane, mzee aliumia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na watu wa kulia nao. Miaka mitatu, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia!

Wepukhulu alipangusa meza isiyo na vumbi. "Pole, mzee. Sasa basi chukua tu ya betri, umpige mtoto picha kivyake."

Ojwang aliziangalia zote mbili kwa muda mrefu. Kisha akaisogeza ya ufunguo.

"Nifungie hii. Filamu hizi hazina sauti, fundi. Wakiwa ukutani, hakuna atakayesikia mtoto anaitwa nani."

Wepukhulu alitafuta gazeti, akaanza kuifunga. Katikati akasita.

"Lakini mzee, siku yenyewe, ili akuangalie, utamwitaje?"

Ojwang hakuwa amelifikiria hilo. Alifungua mdomo, na lililokuja ni jina la mkewe. Akalimeza. Akajaribu tena.

"Witini," alisema.

"Whitney," Wepukhulu akamsahihisha kwa upole.

"Whitney," mzee akasema. Akaketi tena kwenye kigoda, akaendelea kulirudia, polepole, mpaka ulimi ukakubali.