Kombe la Wino Mwekundu

Alhamisi alasiri Mwanamkasi alikuwa ameketi uani akikuna nazi ya kutilia kisamvu, wakati binti yake Dija aliporudi kutoka shuleni, akaweka daftari juu ya kinu na kukaa kizingitini bila kuamkia. Mwanamkasi akangoja. Alijua kwamba wanafunzi wa darasa lile hawaruhusiwi kutamka neno la Kiswahili tangu wanapoingia langoni mpaka wanapotoka, na siku nyingine katazo hilo lilimfuata mtoto hadi nyumbani likachelewa kumwachia. Baada ya kitambo Dija akasema, "Shikamoo mama," kisha akalia.

Insha iliyomliza ilihusu mama yake. Alikuwa ameandika jinsi anavyosuka mikeka na kuiuza sokoni, anavyoficha meno kwa upindo wa kanga anapocheka, na jinsi sauti yake inavyosikika mitaa miwili inaposomwa maulidi. Yote yalikuwa kweli, na alikuwa ameyaandika kwa mapenzi. Alipata sita katika ishirini.

Hapa inafaa kueleza habari za darasa hilo, maana Bagamoyo nzima ilikuwa ikilizungumza mwaka ule wa hamsini na nne. Liliitwa Darasa la Juu la Kiingereza. Katika wanafunzi wote wa darasa la nane walichaguliwa wachache, na siku ya kuchaguliwa wazazi waliitwa, wakaketishwa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwagusa videvu, wakasomewa wanayotarajiwa wana wao. Kila Ijumaa insha. Kila baada ya wiki mbili kitabu kizima, na muhtasari wake. Kiingereza peke yake, hata katika kugombana. Insha zote zingewekwa kwenye jalada, na mwisho wa mwaka jalada lingepelekwa kwa watahini ambao hawajapata kufika Bagamoyo wala hawakuwa na nia ya kufika. Hao ndio wangeamua nani aende shule ya sekondari huko bara. Atakayepata chini ya kumi mara mbili angerudishwa darasa la kawaida, na wasichana wa darasa la kawaida, kila mtu alijua, walirudishwa jikoni.

Mwanamkasi aliitaka nafasi ile ya sekondari kuliko alivyopata kutaka kitu chochote maishani, hata marehemu mumewe Bwanausi, na Bwanausi alikuwa amemtaka sana. Yeye mwenyewe alisoma chuoni kwa baba yake, akaijua Kurani na barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hakufundishwa na mtu. Sasa binti yake alikuwa ameshaanguka mara moja.

Jioni ile alikwenda kwa Maalim Mbaruku, aliyekuwa akiandika kombe kwa wagonjwa wa mtaa. Kazi hiyo kila mtu wa pwani anaijua: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Mwanamkasi aliomba aandikiwe somo la Kiingereza. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba maneno hayo hayakuteremshwa kwa ajili ya kunywewa, tena yeye hayajui. Hata hivyo hakumnyima zafarani.

Basi aliandika mwenyewe. Alifungua daftari la Dija akaukuta ukurasa una wino wa namna mbili, mweusi wa mtoto na mwekundu wa mwalimu, na mwekundu ulikuwa mwingi zaidi. Hakujiuliza mara mbili. Katika vitabu vya baba yake, vilivyoandikwa kwa mkono, wino mweusi ulikuwa wa maneno ya kawaida, na mwekundu ulikuwa wa vichwa vya milango na yale mazito ambayo msomaji hapaswi kuyaruka. Akayanakili maneno mekundu yote, herufi moja baada ya nyingine, na mistari yake, na alama zake za kukata. Aliyaosha kwa marashi, akampa Dija kikombe. Dija alikunywa, akasema kina uchungu kidogo, akaenda kulala.

Asubuhi yake mtoto aliitazama ile mbuzi ya kukunia nazi, na mbuzi ikapata mstari mwekundu, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kutoka kwenye meno yake hadi kwenye kiti. Akautazama mkeka, nao ukapata mstari. Mtungi ulipata miwili. Juu ya mafiga ulitokea mstari na kando yake maandishi madogo mekundu. Mwanamkasi akauliza yanasemaje, Dija akasoma, akasema yanasema kwamba hapo panatakiwa meko ya ukutani yenye bomba la moshi. Mwanamkasi akachochea kuni, akaandaa chai.

Alama za Dija zilipanda. Ijumaa ile alipata kumi na tatu, iliyofuata kumi na tano. Aliandika juu ya matembezi katika theluji, juu ya treni inayochelewa kwa sababu ya ukungu, na juu ya mbwa anayelala ndani kwenye zulia. Mwanamkasi alifurahi, na furaha yake haikuwa ya kujilazimisha. Alisugua mistari kwa majivu na kwa ndimu, haikutoka, akaacha. Vyombo vilifanya kazi kama zamani. Kisamvu kilichopikwa kwenye chungu kilichokatwa kwa mstari mwekundu kilikuwa na ladha ileile, ila Dija alikula kidogo.

Jirani yao Sihaba alikuja siku moja kulalamika, kwa adabu, maana walikuwa mashoga tangu utotoni. Jogoo wake alikuwa amepita mbele ya Dija na sasa ana mstari kutoka kishungi hadi mkiani, na mnunuzi amemkataa. Mwanamkasi akamwomba radhi, akampa mkeka badala yake. Sihaba aliukunjua, akaona na huo umepigwa mstari, akauchukua hivyohivyo.

Tangu hapo Mwanamkasi akaanza kujihadhari. Alimpakulia binti yake chakula akiwa nyuma yake. Alipozungumza naye alijitia kazini, akainamia ukindu, au akavuta kanga mpaka kwenye nyusi. Dija naye alizungumza akiwa ameinamisha macho. Hakuna aliyemweleza mwenzake sababu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na kuepana macho katika vyumba viwili ni kazi inayochosha, na usiku Mwanamkasi alilala amechoka kuliko siku za kupanda mpunga.

Katika mwezi wa tatu mwalimu aliagiza insha ya kwanza irudiwe. Alikuwa na desturi hiyo: insha iliyoanguka hurudiwa ili jalada lisipelekwe na doa. Dija alikuwa na siku tatu za kuandika habari za mama yake upya, na akashindwa. Kila jioni aliketi na kalamu na karatasi tupu. Alisema hawezi kumwandika mtu asiyemtazama.

Mwanamkasi akavaa buibui lake akaenda kwa Mwalimu Mrisho. Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Lugoba, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi kila siku. Alimwamkia, akamkaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani, akajibiwa kuwa ni njema. Mwanamkasi akamweleza habari za kombe na za mistari bila kuficha. Mwalimu hakuonekana kushangaa. Alifungua kishikizo, akakunja mkono wa shati. Kutoka kiwiko hadi kifundo mkono wake ulikuwa umejaa mistari ya zamani, iliyofifia ikawa rangi ya udongo. Alisema hiyo alijipiga mwenyewe, akijitazama kwenye kioo, huko alikosomea ualimu, na hakuhitaji kombe.

"Ile insha ya kwanza," Mwanamkasi akauliza, "ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri, mama. Niliisoma mara mbili. Lakini watahini hawamjui mwanamke wa namna hiyo. Nikimpa Dija ishirini, wao watamrudisha, na darasa langu watalifunga."

"Kwa hiyo ulimpa sita."

"Nilimpa wanachotaka wao. Nisamehe."

Mwanamkasi alitaka kukasirika, lakini aliutazama ule mkono, hasira ikakosa pa kukaa. Akauliza kama mistari ile inauma. Mwalimu akasema haiumi, ni baridi kidogo tu siku ya kwanza. Wakaagana.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijatua. Dija alikuwa ameketi mkekani na karatasi yake. Mwanamkasi alinawa uso, akaketi mbele yake, akaivua kanga kichwani na kuiweka mapajani. Alikuwa na hofu, akaikalia mikono yake.

"Nitazame, mwanangu."

"Mama, sitaki."

"Nitazame uandike. Jalada haliningoji mimi."

Dija akainua macho. Mstari ulianzia juu ya nyusi ya kulia, ukashuka juu ya pua na mdomo, ukaishia chini ya sikio la kushoto. Ulikuwa wa baridi, kama mwalimu alivyosema. Juu ya mfupa wa bega, chini ya shingo, yakatokea maandishi madogo, mengi, mistari minane au tisa. Mwanamkasi alijaribu kuyatazama akashindwa, maana mtu hawezi kujiona hapo. Akauliza yanasemaje. Dija aliyasoma kimoyomoyo huku machozi yakimdondoka, akainama, akayanakili yote kwenye karatasi, na alipomaliza akaja akalala na kichwa chake mapajani mwa mama yake mpaka adhana ya magharibi. Ndiyo mara ya mwisho alipolala hivyo.

Insha ile ilipata ishirini. Haikuwahi kutolewa ishirini katika shule ile, na mkuu wa shule, Mwingereza mwenye heshima na masikio mekundu, akaamua isomwe mbele ya wazazi siku ya sherehe ya kufunga mwaka. Siku hiyo viti vilipangwa uwanjani chini ya turubai. Mwanamkasi aliketi safu ya mbele, Sihaba kando yake. Watu walimwamkia kama kawaida. Wengine walikuwa wamekwisha kuuzoea mstari, na wengine walikuwa na watoto katika darasa lilelile, na nyuso zao nazo zilikuwa zimeanza kupata mistari.

Dija alisoma kwa sauti ya kunyooka. Mwalimu Mrisho alisimama pembeni akitafsiri, kila sentensi baada ya sentensi. Mama yangu ni mrefu na nywele zake ni za dhahabu. Jioni hupiga kinanda karibu na meko, nasi watoto humzunguka. Huoka keki kila Jumamosi. Sauti yake ni ndogo, haisikiki nje ya chumba. Mwalimu alitafsiri bila kuruka neno, macho yake yakiwa kwenye kamba za turubai.

Sihaba aliinama sikioni kwa mwenzake. "Shoga, huyo mama ni wa nani?"

"Ni mama yake Dija," Mwanamkasi akasema, na watu walipopiga makofi naye akapiga, kwa nguvu, mpaka viganja vikamwasha. Alikuwa anajivunia, na alikuwa na uchungu, na vyote viwili vilikuwa vyake kwa ukamilifu. Ikatangazwa kwamba Dija binti Bwanausi amepata nafasi ya sekondari, na kwamba mama wa mwanafunzi bora aje mbele kupokea zawadi.

Mwanamkasi akasimama, akajitengeneza buibui, akaenda. Zawadi ilikuwa bati la biskuti lenye picha ya nyumba kwenye mfuniko. Mkuu wa shule alimtazama, akatazama nyuma yake kwenye safu za viti, akangoja. Hakuna mwingine aliyekuja. Basi akainama kwa adabu, akampa bati, akasema jambo kwa Kiingereza. Mwalimu Mrisho alichelewa kulitafsiri. Kisha akasema kwamba mkuu wa shule anamshukuru kwa kuja, na anamwomba, tafadhali, amfikishie bati hilo mama yake Dija.

Mwanamkasi alilipokea kwa mikono miwili. Akamwambia Mwalimu amjibu kwamba litamfikia.