Zabibu na magunia ya ndagala

Vitendawili nilivyokuwa nikimutegea Zabibu sikuwahi kuvimaliza. Nikisema tu "Nyumba yangu haina...", yeye ameshajibu "Yai!", ameshuka, amechungulia mulangoni, amerudi, amenikanyaga muguu na kupiga chafya. Ni mujukuu wangu, mutoto wa mwanangu marehemu Abedi. Mama yake aliolewa tena ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Tulikuwa tunalala sisi wawili chumba cha nyuma, juu ya magunia ya ndagala ya mwanangu mukubwa Alfani, kwa sababu hapa Kalemie gunia la samaki lisilolaliwa na muntu linaota miguu.

Kulala kwenyewe kulikuwa jina tu. Pua imeziba, mudomo wazi, anajikuna macho, anageuka kama samaki ndani ya wavu. Asubuhi njo usingizi unamujia, na asubuhi njo saa ya masomo.

Siku moja mwalimu wake, Citoyen Ilunga, akaja nyumbani.

"Mama, mutoto ana akili, sikatai. Lakini anajibu kabla sijauliza, anasimama wenzake wakiandika, halafu analala juu ya meza. Niko na watoto wengi. Asipotulia mpaka likizo ya Pasaka, mutamuweka nyumbani."

"Sitalala tena, mwalimu!" Zabibu akaita nyuma ya pazia, na chafya ikamutoka. Hata mwalimu akacheka.

Alfani hakucheka. "Mutoto huyu iko na shetani. Tangu leo, ubani kila magharibi."

Akaleta chetezo na makaa, akafukiza chumba mpaka hatuonani. Zabibu akawa anapumua kwa kelele kama musumeno. Kadiri alivyohangaika, ndivyo Alfani alivyoongeza ubani.

Nikamupeleka ku dispanseri. Muuguzi, Mama Marthe, akamuangalia pua na macho, akauliza analala wapi. Nilipomwambia, akashika kichwa.

"Mama, vumbi la ndagala na moshi, mwili wake unavikataa. Wepesi huu wa kutotulia alizaliwa nao, sitakudanganya; usingizi hautamugeuza mutoto mwingine. Lakini kutolala kunamuzidishia. Mutoe mule."

Alfani alipopanda boti kwenda Moba kununua samaki, nikamupeleka Zabibu kwa Asha, mama yake mudogo, juu mulimani, kusikofika vumbi la samaki wala moshi wa ubani. Kule akalala. Akalala mpaka Asha akawa anaenda kumugusa kama anapumua.

Nilipomutembelea nikamutegea cha kwangu mwenyewe. "Kitendawili."

"Tega."

"Niko na jirani, mwanamuke, kutwa anapiga hodi. Simufungulii, na hachoki."

Akaishika midomo yake kwa vidole viwili, macho yamemutoka, miguu inacheza peke yake. Akangoja mpaka nikafunga kinywa. "Ziwa!"

Machozi yalinilenga. Citoyen Ilunga naye akanisimamisha njiani: "Mama, umemupa nini? Imla ya jana ameiandika mpaka mwisho."

Halafu Alfani akarudi.

"Mutoto wa ndugu yangu analala kwa watu? Kalemie watasema nimeshindwa kumulisha!"

"Kula hajashindwa, Alfani. Ameshindwa kupumua."

"Sawa, Mama. Nionyeshe basi magunia niyaweke wapi. Barazani, askari wabebe?"

Nikatazama nyumba. Chumba cha mbele wanalala yeye, muke wake na watoto wao, na jiko la kuni lipo mulangoni. Sikuona pa kumuonyesha. Akapanda mulima mwenyewe, akarudi amemubeba Zabibu mabegani, anamuimbia, kwa sababu anamupenda. Magharibi akawasha ubani.

Pasaka ilipofika Citoyen Ilunga akaja tena. Safari hii alikataa kiti. Alisema maneno machache, akiangalia viatu vyake.

Sasa Zabibu anageuza ndagala juani pamoja na muke wa Alfani, kule kwenye muchanga. Wachuuzi wanamusifu: mikono myepesi, hakai chini! Anafuta pua kwa kiwiko, anaendelea.

Jana, tumeshapanda juu ya magunia, nikasema, "Kitendawili."

Hakusema tega. "Jibu ni ziwa, Bibi."

"Sijatega bado."

"Hata ukitega."

Akavuta pua, akanigeuzia mugongo. Magunia yakalia chini yake, halafu yakalia tena.