Shibiri ya Baba

Tangu wamzike baba yake, Puseletso hakuwa amefungua kinywa darasani. Aliketi dirishani, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi kimebanwa begani kwa pini. Mjomba wake alikwishamwambia Mwalimu Seabata waziwazi, akimwita Ntate kwa heshima, yaani bwana: "Ntate, mtoto wa kukaa kama jiwe anakaa hata nyumbani. Ijumaa nakuja kumchukua."

Ijumaa ilifika. Seabata hakuwa na hila nyingine ila ile aliyoizoea: kila mwanafunzi atunge hesabu yake mwenyewe, wenzake waifanye. Wengine walileta kondoo na magunia ya sufu. Puseletso, ambaye wiki nzima alikuwa akirudisha karatasi tupu, safari hii aliandika. Mwalimu akasoma kwa sauti.

"Mama anapaka upya ukuta wa nyumba kabla hatujavua nguo nyeusi. Anataka kuchora miraba ileile aliyopimiwa na baba. Kila mraba ulikuwa shibiri mbili za baba. Je, shibiri ya baba ilikuwa na urefu gani?"

Mwanafunzi mwenzake, Pheello, akacheka puani. "Hiyo si hesabu, Ntate. Haina hata namba ya kuanzia. Na mimi basi niulize uzito wa upepo."

Kwa kanuni aliyoiweka mwenyewe Seabata, Pheello alikuwa na haki: swali lisilo na vipimo hurudishwa. Lakini kumrudishia Puseletso karatasi leo ni kumfungia mlango. Akaiweka mezani, akauliza taratibu, "Tukose nini ili tushindwe kabisa?"

"Tukose mkono wenyewe," Pheello akasema. "Na mkono umekwenda."

"Una ulimi mchafu wewe," Nthabeleng akamkata. Akamgeukia Puseletso. "Dada, kwani baba yako hakuacha kitu kingine alichokipima kwa mkono?"

Seabata alijizuia asimsaidie.

"Mlango," Puseletso akasema.

Sauti ilitoka imekwaruza, kama bawaba iliyokaa bila mafuta.

"Upana wake shibiri nne. Alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba fundi wa mjini hawezi kumfikia."

"Na kwa sentimita?" Nthabeleng akauliza.

"Sentimita themanini na nane. Tulipima tulipobadilisha mbao."

Pheello ndiye aliyewahi. "Ishirini na mbili. Mraba ni arobaini na nne." Akatandaza kiganja chake juu ya rula, akakinyoosha mpaka vidole vikatetemeka, lakini hakikufika. "Lo, mzee huyu alikuwa na kono!"

"Ndiyo maana sikuweza kamwe kumkimbia," Puseletso akasema, na darasa zima likacheka, yeye akiwa mmoja wao. Kisha akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, akaandika jibu.

Seabata aligeukia ubao akaufuta, ingawa ulikuwa safi. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Mchana mjomba alisimama mlangoni, blanketi, vazi la wanaume wa kwao, limemkaa vizuri begani. "Njoo twende, mwanangu."

"Nisubiri kidogo, mjomba," Puseletso akajibu bila kuinua kichwa. "Pheello ameshindwa swali langu la pili, na sijamwambia jibu."

Mjomba alimtazama mwalimu, akamtazama mpwa wake. Kisha akavuta kiti cha nyuma, akaketi.

"Na mimi nisomeeni hilo swali," akasema.