Barua ya Kwanza ya Karani

Dobi alikuwa na pasi mkononi na joho jeupe mezani wakati binti yake alipoingia kutoka shule, akatua mkoba na kusema, "Mama, nimeshapata la kuandika."

Dobi hakuinua uso. Aliikandamiza pasi kwenye kola, sehemu inayokaidi siku zote, akauliza kama anayeuliza bei ya sabuni, "La nani?"

"Siruhusiwi kusema. Mlezi amesema barua isipite machoni pa mtu kabla ya sanduku."

Kola ikaanza kunuka kuungua. Dobi aliinyanyua pasi na kuikalisha pembeni.

Binti alikuwa ametimiza miaka minane wiki hiyo, na nyumbani walimwita Karani, maana tangu alipojua kushika kalamu hapakuwa na kilichosalimika. Alikuwa na orodha ya kuku wa jirani, na nyingine ya watu wanaokula bila kunawa mikono. Baba yake alijivuna nazo. Mama naye alicheka, mpaka alipokumbuka kanuni ya Jumuiya yao ya maombi. Kila ajuaye kuandika aliyetimiza miaka minane, awe na mvi au meno ya utoto, sharti kila wiki aandike kosa moja la mtu wake wa karibu na kulitia kwenye sanduku pale mlangoni mwa ukumbi. Waliiita barua ya upendo. Akupendaye hakufichii kosa lako, ndivyo Mlezi, kiongozi wao, alivyofundisha, na watu wazima na akili zao timamu waliitikia amina. Kesho yake, Jumamosi, Karani angesimama mbele ya watu mia tatu na barua yake ya kwanza.

Na dobi alikuwa na la kufichwa. Mwanawe wa pili, Kibonge, wa miaka minne, alikuwa na kifafa. Kila asubuhi mama alitoa kidonge ndani ya kopo la wanga wa nguo, akakiponda na kukikoroga kwenye uji wa mtoto. Jumuiya ilikataza dawa. Kumeza kidonge, walisema, ni kumwambia Mungu kwamba hatoshi. Mume wake, aliyekuwa mlinzi wa mlango wa ukumbi na muumini wa kweli, hakujua lolote. Mtoto alimaliza miezi kumi na minne bila kuanguka, na Jumuiya ikauchukua muujiza huo ukawa wake. Mlezi alimbeba Kibonge juu juu mbele ya watu, na dobi mwenyewe alishika kipaza sauti akashuhudia kwamba maombi yamemponya mwanawe. Watu walilia kwa furaha. Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa na miezi kumi na minne, na kila siku aliamka akidhani ndiyo imefika mwisho.

Alijua mwisho huo ulivyo. Nyuma ya ukumbi palikuwa na Nyumba ya Utulivu, chumba chenye dirisha moja lililopakwa rangi. Aliyepungukiwa imani alifungiwa humo akisali bila chakula na bila dawa hadi imani imrudie, na kumlilia nako kulihesabiwa kosa. Mama mzazi wa fundi viatu, jirani wa mlango wa pili, aliingia humo kwa miguu yake akiwa na ugonjwa wa sukari. Siku ya kumi na moja alitolewa ndani ya shuka ambalo dobi alilipiga pasi kwa mkono wake. Mlezi akasema mama yule amemaliza kwa ushindi. Mtoto wa miaka minne asingefika siku ya kumi na moja.

Fundi viatu hakulalamika. Aliendelea kuja ukumbini, akikaa safu ya nyuma. Lakini wiki moja baada ya mazishi aligonga kwa dobi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, yule mdogo akihitaji kitu cha dukani, mimi nipo." Tangu hapo, kila mwezi yeye ndiye aliyekwenda duka la dawa ng'ambo ya soko, na vidonge vilifika vikiwa vimesokomezwa ndani ya kiatu kilichoshonwa.

"Karani, mwanangu," dobi akasema, "njoo nikuambie. Andika kwamba mama alisinzia wakati wa maombi. Ni kweli, nilisinzia."

Karani alimtazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito. "Haifai, mama. Mtu akijisema mwenyewe hiyo ni toba. Barua lazima iwe jambo nililoliona mimi au nililoambiwa juu ya mwingine."

"Hilo uliloliona, uliliona wapi?"

"Humu ndani."

Humu ndani palikuwa na vyumba viwili, meza ya pasi, kamba za nguo na lile kopo. Juzi Karani aliomba wanga wa kugandishia karatasi za daftari. Nani alimpa? Au alijichotea? Dobi alijaribu kukumbuka akashindwa, na kadiri alivyoshindwa ndivyo alivyozidi kuuona mkono mdogo ukiingia koponi. Kumkataza mtoto asiandike kulikuwa kosa kubwa kuliko yote, na Karani angeliandika hilo kwanza.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wanaosema hivyo huwa wanajua tayari nusu ile itamwangukia nani.

"Basi nina jingine," dobi akasema, na sauti yake ikatoka laini, nayo ikamtisha. "Kubwa kuliko hilo lako. Mjomba fundi viatu alionekana akitoka duka la dawa."

Karani aliacha mdomo wazi. "Mjomba? Aliyenishonea ndala?"

"Huyo huyo."

"Lakini mimi nampenda mjomba."

"Si ndiyo maana inaitwa barua ya upendo?"

Karani alifikiri, akakubali. Akaketi sakafuni, akalaza daftari gotini na kuanza kuandika, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Dobi alirudi kwenye pasi akijiambia kwamba fundi ni mtu mzima, ni mjanja, atasimamishwa na kukaripiwa, yataisha. Alijiambia hivyo akipiga pasi majoho sita.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Karani alitia barua sandukuni, watu wakampigia makofi. Mlezi, mtu mpole asiyewahi kupaza sauti, aliifungua palepale kwa heshima ya barua ya kwanza, akaisoma, akavua miwani.

"Fundi wetu, simama. Ulikuwa unanunua dawa za nani?"

Fundi alisimama. Watu mia tatu waligeuka. Dobi alimshikilia Kibonge mapajani kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Fundi angeweza kuwatazama, hakuwatazama. Alikitazama kiatu chake.

"Zangu."

"Unaumwa nini, ndugu yangu?"

"Presha."

"Mficha uchi hazai," Mlezi akasema kwa upole. "Tutakaa nawe mpaka utueleze yote."

Mume wa dobi ndiye aliyemshika fundi mkono na kumpeleka mlango wa nyuma. Jambo la kwanza lililomjia dobi halikuwa huruma. Ni hofu kwamba fundi atasema. Siku ya tatu bila chakula, nani asiyesema? Huruma ilikuja baadaye, wakati wa wimbo, naye akaona aibu kwamba ilichelewa.

Njiani kurudi nyumbani alimbeba Kibonge mgongoni, Karani akitembea pembeni na kuruka madimbwi.

"Karani. Lile lako la kwanza lilikuwa nini?"

"La Kibonge," Karani akasema. "Anaongea na paka wakati wa maombi."

Dobi alisimama katikati ya njia. Watu wa Jumuiya waliwapita kulia na kushoto, wengine wakimpongeza kwa binti. Akainamisha uso kwenye khanga yake na kulia, kwanza kimya, kisha mabega yakamsaliti.

Karani alimshika mkono. Alimchunguza mama yake kwa makini, kama anavyochunguza kila kitu, akatazama nyuma ulipokuwa ukumbi, kisha akamtazama mama tena. Uso wake ulikuwa umejaa mapenzi ya kweli, bila hila hata kidogo.

"Unamlilia mjomba?" akauliza. "Usiogope, mama. Jumamosi ijayo nitakuandika wewe."