Neno Alilolitaka Mutunga

Mtaani kwetu Umoja, Nairobi, hajawahi kufa mtu mbaya. Najua, kwa sababu wasifu wa kila marehemu niliuandika mimi. Nilikuwa karani wa kupiga taipu mjini, nyumbani nina mashine yangu, na Kiingereza changu kiliaminiwa. Miaka ile ya tisini hakuna jeneza lililosafirishwa kwenda mashambani bila karatasi ya Kiingereza ya kusomwa kaburini, hata kama mwenyewe alikufa akijua “good morning” tu. Basi maneno nilikuwa nayo tayari kama viungo vya pilau: kind, gentle, generous, loving. Mwema, mpole, mkarimu, mwenye upendo. Mlevi mmoja aliyekuwa akimpiga mkewe nilimwita “jovial”, mcheshi, nikasonga mbele. Nani atamsema maiti vibaya?

Halafu akafa Kivuva, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Alikuwa mchonga vinyago kule Pumwani, na presha ilimwangusha akiwa na patasi mkononi. Mkewe, Mbinya, alikuwa rafiki yangu. Ukikosa chumvi kwangu, ilikuwa kwake.

Kila jioni tulikutana sebuleni mwake kupanga mazishi. Jioni moja akaingia mdogo wake marehemu, Mutunga, aliyekuwa akikaa mtaa wa Komarock. Kisa chake na Kivuva kilijulikana. Mama yao alipofariki, Kivuva alikuwa Mombasa amepeleka vinyago, na Mutunga ndiye aliyesimamia mazishi. Wingu lilikuwa limefunga, mchungaji alikuwa na haraka, Mutunga akasema mama afukiwe. Kivuva alifika jioni ile ile na kukuta watu wanaosha matope kwenye majembe. Hakumtilia mama yake hata konzi moja ya udongo. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la nduguye.

Mutunga alinijia mezani, kofia mkononi.

“Mama Kui, nimeambiwa wewe ndiye unaandika. Tia kwamba alikuwa ‘forgiving’. Kwamba alisamehe, hakuwa na kinyongo na mtu. Lisomwe mara moja tu, watu wakisikia. Sitaomba kitu kingine.”

Nilimhurumia sana. Neno moja lingenipunguzia nini? Nimewapa maneno makubwa kuliko hilo watu wasiostahili hata koma. Nikaingiza karatasi kwenye mashine.

“Usiandike hilo.”

Alikuwa Mbinya, amesimama mlangoni mwa jikoni na chupa ya chai.

“Shemeji, ni neno tu,” Mutunga akamwambia.

“Kama ni neno tu, mbona umelifuata kutoka Komarock?”

“Nilikuja akiwa hai. Alinifungia mlango.”

“Alikufungia, na mimi nilikuwepo. Basi sote tunajua hakusamehe.” Akanigeukia. “Mama Kui, nimelala kitanda kimoja na hicho kinyongo. Kilikuwa kinamwamsha. Sitakaa mbele ya watu nikisikie kinaitwa upole kwa Kizungu.”

Mutunga alivaa kofia yake akaondoka, chai hakuigusa. Nami nilimkasirikia Mbinya, sikatai. Nilimwona mgumu, mwanamke wa kumnyima mtu faraja iliyokuwa bure. Nilifungua kamusi nitafute neno la kumzunguka: benevolent, good-natured, charitable. Yote ya wema, yote mazuri, na yote yalimkaa Kivuva kama koti la kuazima. Mwishowe niliandika kwamba alifundisha vijana wengi kuchonga, na kwamba hakuuza kinyago chenye ufa. Haya yalikuwa kweli. Karatasi ilitoka fupi, nikaona aibu nayo.

Jumamosi tulikuwa shambani kwao, mbele kidogo ya Tala. Niliusoma ule wasifu wangu mfupi, jeneza likateremshwa, vijana wakashika majembe. Mbinya akainua mkono.

“Mutunga yuko wapi?”

Watu wakatazamana. Ndirangu, aliyebeba viti kwa pikapu yake, akakohoa. “Nimempita pale Tala, Mama. Ameketi nje ya duka, amevaa suti. Nilimwambia apande, akasema huku hana pa kusimama.”

“Kamlete.”

Mchungaji alitazama juu. “Mama, mvua hiyo.”

“Naiona, mchungaji. Hata siku ile ilikuwepo.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mvua ilikuja kabla ya pikapu. Wengine walijikinga chini ya turubai, wengine walinung'unika kwamba safari ya kurudi Nairobi ni ndefu, na wazee wawili walimwendea Mbinya kumsihi. Aliwasikiliza kwa heshima, asisogee. Maji yalianza kutuama pembeni mwa jeneza. Nilikwenda nikasimama naye, leso zetu zikalowa pamoja.

Mutunga aliposhuka kwenye pikapu hakumtazama mtu. Alikuja hadi ukingoni, viatu vyake vizuri vikizama matopeni. Mbinya akainama, akachota konzi ya udongo, akamtia mkononi na kumfumba vidole.

“Amekufa na kinyongo nawe,” alisema. “Sikufichi. Lakini kilichomuuma siku ile ni kutongojwa. Sisi tumekungoja.”

Mutunga alifungua mkono, udongo ukaanguka. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, akiita, “Kaka! Kaka!” Kisha akavua koti, akachukua jembe kwa kijana aliyekuwa karibu, akaanza kufukia. Vijana walitaka kumsaidia, Mbinya akawakataza. Mutunga alifukia peke yake, polepole, kwenye mvua, mpaka kaburi likajaa, na hakuna aliyemharakisha.